Kuvreli ya vipande haiombi huruma

Bandugu, kuvreli ya vipande vya vitenge, ile batu banatandikaka juu ya kitanda siku ya wageni, unaipimaka namna gani? Hapa Bukavu nasikia majibu mawili. Wa kwanza anasema: "Ni mabaki tu ya mshonaji, punguza bei." Wa pili, mara nyingi mgeni wa ONG, anasema: "Nzuri sana, bamama bameteseka," na analipa bila kuigeuza aone mgongo wake. Mimi naona hawa wawili ni ndugu. Hakuna hata mmoja aliyeiangalia kuvreli yenyewe.

Tuiangalie basi. Vipande vinatoka chini ya mashini ya kushona. Pisi moja ya kitenge iko na yadi 6, karibu mita 5 na nusu, na inagawanywa kuwa vikwembe 3. Mshonaji akishakata libaya na jipu, kunabaki mikanda, pembetatu, vipande vya ukubwa wa kiganja. Toka Kadutu mpaka Nyawera, kila mshonaji iko na mfuko wake wa mabaki. Ndani mule kuko kipande cha kitenge cha 8 Machi chenye mwaka wake juu, kuko cha ndoa ambako familia nzima ilivaa sare, kuko cha parokia, kuko cha kilio. Mama wa kartie akiviunganisha, jirani yake anaweza kusoma kuvreli kama kalenda: hapa tulioza binti, hapa tulizika mzee.

Na mtu aliyesoma agronomia hawezi kuviita uchafu. Wabelgiji walianza kulazimisha ulimaji wa pamba hapa Kongo mwaka 1917, na bonde letu la Ruzizi pia lililima. Kalemie ilikuwa na kiwanda cha nguo, Filtisaf, na Kisangani ilipata Sotexki. Leo kitenge kingi cha sokoni kinatoka Uchina, na kile cha bei kali kabisa kinatoka kwa Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846. Kila kipande tunachotupa tulikinunua kwa dola na kikavuka mipaka kutufikia.

Lakini kumbukumbu peke yake haitengenezi kazi nzuri, na hapa njo nataka tusemezane ukweli. Kuvreli nyingi zinazotundikwa kwa kuuzwa ni mbaya. Naziona na makosa matatu.

La kwanza ni kelele. Kitenge tayari kina maua, ndege, macho, duara. Ukiweka miraba mingi ya namna hiyo bega kwa bega, inakuwa kama kwaya ambamo kila mtu anaimba sauti ya kwanza. Jicho linatafuta mahali pa kupumzika, halipati. Dawa si ngumu: rangi moja tupu, nyeusi au buluu, ipite katikati ya vipande kama barabara. Hata mgongo wa kitenge unasaidia. Waksi ya kweli rangi yake inapita pande zote mbili, lakini fansi ya bei nafuu inachapwa upande mmoja tu. Ukiigeuza, upande uliofifia unakupa ile rangi ya kutulia, na hujanunua kitu.

La pili ni kuchanganya nyuzi bila kuziuliza. Pamba inanywea ikifuliwa mara ya kwanza, poliesta hainywei. Ukizishona pamoja zikiwa mpya, siku ya kufua mshono unajikunja kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Anayejua kazi anafua vipande kwanza, anapiga pasi, ndipo anakata.

La tatu halionekani dukani. Kuvreli ya kweli ni tabaka tatu: vipande juu, kitu cha joto katikati, kitambaa cha mgongo chini, na mishono inayopita zote tatu ili zisitembee. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi sote tunaujua. Lakini nyingi zinashonwa pembeni tu. Bulangeti ya zamani iliyowekwa ndani inafuliwa mara moja, inajikusanya kwenye kona moja kama mbuzi wakati wa mvua.

Mtu ataniambia: "Bamama hawa ni maskini, unawadai mambo ya wazungu." Apana. Kule Marekani, jimbo la Alabama, kuko kijiji kinachoitwa Gee's Bend. Wanawake weusi wa pale, wajukuu wa watumwa, walishona bulangeti za vipande kutoka nguo za shamba zilizochakaa, juu baridi ilikuwa inaingia ndani ya nyumba. Mwaka 1972 ushirika wao ulipata kazi ya kushona foronya za velveti ya mistari kwa duka kubwa la Sears, na mabaki ya foronya zile yakazaa bulangeti nyingine. Mtindo wao mmoja unaanza na kipande cha katikati, mikanda inazunguka inazunguka, kama paa la nyumba ukiliona toka juu. Rangi ni chache, na kila moja inajua kazi yake. Mwaka 2002 zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha la Whitney, New York. Umaskini wao ulikuwa wa kweli, lakini ukutani pale kilichosimama ni macho yao na uamuzi wao.

Sasa kuko na kitenge kingine sokoni: kile kilichochapwa kifanane na vipande vilivyounganishwa. Kwa mbali unadhani mtu alikaa miezi akishona. Ukikaribia, hakuna mshono hata mmoja. Sikichukii, kwa robe kinapendeza. Lakini kukitandika kitandani na kukiita kazi ya vipande, hapo nakataa. Mashini ilinakili sura, na ile kazi ya kuchagua, hiki kikae karibu na kile, haikufanyika.

Kwa nini sisi balisansie tujali? Juu wengi wetu ndio tunaandika miradi ya "kushona kwa akina mama", na sisi ndio tunawaletea wanunuzi. Tukiuza mateso, mshonaji anajifunza kwamba mshono haulipi, hadithi yake ya uchungu njo inalipa. Mradi ukifunga, huruma inaisha, na mkononi anabaki na kuvreli ambayo jirani yake mwenyewe hawezi kununua.

Basi siku utakayoiona imetundikwa, igeuze. Vuta mshono kidogo. Uliza kama vipande vilifuliwa kabla. Kama ni mbaya, mwambie mama kwa heshima ni wapi. Kama ni nzuri, usimwombe apunguze.