Kicheko cha Ofisi ya Walimu

Kila kazi ina fasihi simulizi yake, na ya walimu wa shule za msingi ni vichekesho vya somo la Kiingereza. Nimevisikia kwa zaidi ya miaka arobaini, saa nne asubuhi wakati wa chai, katika ofisi za walimu kuanzia Tanga hadi Songea, na waama mimi mwenyewe nimevisimulia kuliko wengi. Sasa nimestaafu ukuu wa chuo cha ualimu, nina muda wa kuvitazama kama mhakiki atazamavyo ngano: nani anacheka, nani anachekwa, na hadithi inakatwa wapi.

Hebu, msomaji, tukianze kile cha saa, maana hakuna wilaya ambako hakijafika. Mwalimu anaonyesha saa ya ukutani asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye nane, anauliza, "What time is it?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja, "It is two o'clock!" Ofisi inaangua kicheko. Lakini saa hiyo ni saa mbili kwa kila mtu pale kijijini, akiwemo mwalimu mwenyewe, ambaye siku hiyo aliamka saa kumi na moja wala si saa tano. Watoto wamefasiri sawasawa. Wasichokijua ni kwamba Mwingereza huanza hesabu yake usiku wa manane na adhuhuri, nasi huanza jua linapochomoza na linapokuchwa. Kichekesho kinakatwa pale ambapo somo lingeanza.

Kingine: mtoto anaulizwa, "Haven't you eaten?" Hajala, naye anajibu, "Yes." Mwalimu anadhani ameshiba. Kwa Kiswahili aliyeulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", yaani anaikubali kauli ya muulizaji, Mwingereza hulitazama tendo lenyewe, akasema "No". Mantiki ya mtoto imepinda wapi? Kile cha "my small father" nakipita haraka, ila niseme tu kwamba mtoto yule anatofautisha baba mdogo na mjomba, watu wawili ambao Kiingereza kinawaita wote "uncle". Katika ukoo wangu, ukiwachanganya hao siku ya kugawa mahari utakiona cha mtema kuni.

Sisemi kwamba vyote vina kasoro. Kipo ninachokipenda mpaka leo. Mwalimu ameinua kitabu juu, anauliza kama kiongozi cha mwalimu kilivyoagiza, "Is this a pen?" Kimya. Anarudia. Hatimaye kijana wa dawati la mbele anamnong'oneza mwenzake kwa huruma, "Mwalimu haoni." Hapa anayechekwa ni mwalimu, pamoja na ule mtindo wetu wa kuuliza jambo ambalo kila mwenye macho analijua. Nacho husimuliwa mara chache.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea, mtaalamu wa isimu S. P. Corder alichapisha makala akieleza kwamba makosa ya anayejifunza lugha ni ushahidi wa kanuni anazojijengea kichwani. Nilifundisha nadharia hiyo chuoni, nikaiandika ubaoni, nikaitungia mitihani. Kisha, ili wanachuo wasisinzie saa nane mchana, niliwachekesha kwa "I hear smell". Nilikuwa fundi wa kile. Nilibana pua na kuiga sauti ya mtoto.

Mwaka 1988 nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu mmoja katika mazoezi ya kufundisha, darasa la tatu. Nyuma ya shule mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi. Kijana yule, ambaye alikuwa mwerevu, akaitumia bahati hiyo na kuwataka watoto waseme kwa Kiingereza ni nini kinachowafikia. Msichana mdogo akasimama. "Teacher, I hear smell of maandazi."

Mwanachuo akanitazama mimi kule nyuma ya darasa, akabana pua, akayarudia maneno ya msichana kwa sauti ileile niliyomfundisha. Darasa likacheka kwa kuwa mwalimu amecheka. Msichana akaketi, wala hakunyoosha mkono tena kipindi kile. Andalio la somo lilikuwa safi. Sikujua niandike nini kwenye fomu ya ukaguzi, maana kosa lililostahili kuandikwa pale lilikuwa langu.

Wakati wa mapumziko nilimtafuta yule mtoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ulichosema darasani kilikuwa na maana."

Akanitazama kwa mashaka. "Kwani Waingereza hawasikii harufu?"

Nikamweleza kwamba sisi tuna kunusa, kusikia harufu, kunuka na kunukia, kila neno na kazi yake. Wenzetu kazi zote hizo wamelibebesha neno moja, "smell". Andazi "smells", na mtoto aliyesikia harufu yake naye "smells" hilo andazi. Akafikiri kidogo, kidole mdomoni.

"Kwa hiyo mwalimu wetu akisema 'I smell', anasikia harufu au ananuka?"

Nikamwambia akiishia hapo, atakuwa amesema ananuka.

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kisha akatimua mbio kwenda kuwahadithia wenzake.