Hulka ya Mtu na Kitabu cha Daktari

Msomaji, katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, majirani wakizungumza habari za watoto, ukoo hauachi kutajwa. Kijana mwenye hasira huambiwa amemrithi babu ambaye jina lake alipewa. Binti mpole husemwa ni shangazi yake mtupu. Methali nazo hazipatani. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yajibu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Swali hili lilipata kujibiwa vibaya katika nchi yetu. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kiitwacho The African Mind in Health and Disease, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Tumtendee haki: alikusanya mengi, wala hakukana nguvu za malezi na mila. Lakini alidai kuwa Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji.

Kosa lake la kwanza ni la ushahidi. Sehemu kubwa ya aliowachunguza walikuwa wagonjwa wa hospitali yake. Je, afya ya Amalemba yote yaweza kupimwa kwa foleni ya zahanati? Kosa la pili ni kubwa zaidi: aliona mwenendo wa watu waliokuwa chini ya utawala wa kigeni, akauhesabu kuwa dalili ya ubongo. Mwaka 1954 Serikali ilichapisha taarifa yake juu ya Mau Mau. Humo chanzo cha vita kilitafutwa katika nafsi ya Mkikuyu kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa. Hivyo dai la haki likageuzwa ugonjwa.

Usidhani, basi, kwamba mwili hauna neno katika hulka. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kuwa katika tofauti za hulka baina ya mtu na mtu, karibu asilimia 40 hutokana na urithi. Lakini hesabu hiyo haimhukumu mtoto mmoja, wala haipambanui taifa na taifa. Mbegu ileile ya mahindi ikipandwa katika shamba lenye rutuba na katika shamba lililochoka, mavuno hayatalingana. Nani atailaumu mbegu?

Kwa hiyo, msomaji, ukifungua kitabu kinachoeleza tabia za watu, uliza: ni nani waliopimwa? Walilinganishwa na nani? Na ni nani aliyetaka jibu hilo? Uliza vivyo hivyo uambiwapo kuwa hasira yako ni ya babu. Huenda ni yake kweli. Lakini kuitawala ni kazi yako.