Kabla ya Kupiga Kiki

Nilikuwa nimeshainua mguu fundi aliponishika bega. "Acha kwanza, mwanangu. Mara ya mwisho iliwaka lini?" Nikamjibu: 2004. Hakusema kitu. Alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa pikipiki chini ya mwembe, akaitazama kwa muda nilioona ni mrefu mno, kisha akaomba spana ya plagi.

Ni Yamaha DT 125 ya katikati ya miaka ya 1970, mali ya baba. Alizungukia nayo vijiji vya Kilosa alipokuwa bwana shamba, na sisi watoto tulijua anarudi kabla hajafika kona ya mwisho: mlio mwembamba unaopanda na kushuka kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe, halafu harufu ya oili iliyoungua. Alipostaafu aliiegesha stoo, akaifunika turubai, ikabaki huko kati ya magunia na majembe. Nilipoileta Morogoro niliamini inahitaji vitu viwili tu, petroli mpya na mguu wenye nguvu.

Mguu wenye nguvu ndio unaoziua injini hizi, na sababu imo katika umbile lake. Injini za bodaboda nyingi za leo hubeba oili yake tumboni. Ukiiacha miaka, oili bado imo. Tuu-stroki haina akiba hiyo. Gia zake zina oili yake chumbani kwake, lakini pale krenki inapozunguka, chini ya pistoni, hakuna kitu kilichotuama. Oili huingia pamoja na mvuke wa petroli, hugusa beringi na kuta za silinda inapopita, hupanda juu, huungua, hutoka kwenye eksozi kama moshi wa buluu. Injini hii inalainishwa na pumzi yake yenyewe. Pumzi ikikatika miaka ishirini, utando uliosalia hukauka, na unyevu wa masika ishirini unafanya kazi yake. Anayepiga kiki wakati huo anakwangua kutu kwa ringi kavu.

Basi fundi alimimina kijiko cha oili iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu la plagi, akaliziba kwa kitambaa, akaniambia nirudi keshokutwa. Niliporudi alitia spana kwenye nati ya magneto, akaizungusha upana wa ukucha, akairudisha, akaizungusha tena, macho ameyafumba. Akaniita nishike mimi. Mwanzoni nilihisi chuma tu. Baada ya muda nikaanza kutambua pistoni inapoteleza na inaposita, kama kiganja kinachopapasa ukuta uliopigwa lipu vibaya.

"Hapo ndipo ilipolala," alisema.

Wengi wangeendelea kuzungusha mpaka ilegee. Yeye alifungua silinda, na kweli, mstari mwembamba wa kutu ulikuwa umezunguka ukutani mahali palepale aliponionyesha kwa kidole akiwa nje. Aliusugua kwa msasa laini uliolowa oili, akienda mshazari huku na mshazari kule ili mikwaruzo ikatane na kushika oili. Halafu akanipa pistoni niitazame. Kwenye kila mfereji wa ringi kuna kipini kidogo kuliko punje ya mtama. Silinda ya tuu-stroki ina madirisha ukutani, moja la moshi na mengine ya hewa mpya, kwa kuwa haina valvu juu. Ringi ikiachwa izunguke yenyewe, ncha zake zitafika dirishani, zitachomoka nje na kuvunjika. Kipini kile kinazizuia zisifike hapo. Alipokuwa akirudisha silinda alizibana ringi kwa vidole, kila ncha mahali pake, taratibu kama mama anayevalisha mtoto mchanga.

Umbile hili lina umri. Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, ndiye aliyefikiria mwishoni mwa karne ya 19 kwamba chumba cha krenki kinaweza kuwa pampu: pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko chini yake, ikishuka inausukuma juu. Pistoni moja, kazi mbili, juu moto na chini upepo. Niliisoma habari hiyo zamani na nikaielewa kidogo. Niliielewa vizuri siku fundi alipoweka kiganja kwenye mdomo wa kuingizia hewa huku akizungusha magneto, akasema, "Sikia, inanyonya."

Kabureta ilichukua siku nzima, na siku hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa mapenzi zaidi. Petroli iliyokauka huacha utomvu wa kahawia unaonuka kama rangi ya mafuta iliyosahauliwa koponi. Ulikuwa umegandisha floti na kuziba kila njia. Jeti kubwa ilifunguka kwa kuloweshwa tu. Ile ndogo, inayolisha injini ikiwa imetulia, ina tundu jembamba kuliko tundu la sindano ya kushonea. Kijana mmoja pale gereji alileta waya wa chuma, fundi akamrudisha. Shaba ya jeti ni laini, na tundu lililokwanguliwa likaongezeka hata kidogo tu si jeti ile tena, namba iliyochongwa juu yake inakuwa uongo. Alichuna uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, akaupitisha bila kusukuma, akaosha kwa petroli safi, akapuliza. Kisha akaielekeza jeti kwenye anga na kuchungulia. Hapana. Akarudia. Mara ya tano au ya sita aliniita, na nikaona mwanga: nukta moja, duara kamili.

Mengine yalikwenda haraka. Tangi lilitiwa kokoto na siki, likatikiswa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Pointi zilisafishwa kwa msasa, zikamaliziwa kwa karatasi ngumu. Eksozi ilikuwa na nyumba za nyigu wa udongo, na fundi alizitoa zote, chembe kwa chembe, kwa sababu eksozi ya injini hii ni kiungo cha injini. Tumbo lake lililovimba na kusinyaa hurudisha wimbi la sauti kwenye silinda ili kuzuia petroli mbichi isitoroke. Elimu hiyo aliikuza Walter Kaaden katika kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, na ikafika Japani mwaka 1961 pale mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alipotoroka na kwenda Suzuki. Bomba lililowahi kumpeleka baba Kilosa lina ukoo huo.

Yamaha waliweka pampu ya oili, Autolube, tangu 1964, hivyo mwenye DT hachanganyi mafuta kwa mkono. Fundi aliitoa hewa pampu mpaka oili ikaja bila povu. Hata hivyo tangi la kwanza alilichanganya, mililita 20 kwa kila lita. Pampu iliyolala miaka yote hiyo, alisema, haiaminiwi kwa maneno.

Ndipo akaniruhusu. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya nne ikawaka, na moshi ukaujaza mwembe wote. Nilipiga kelele. Fundi alikuwa ameinamisha sikio. Alipiga resi kidogo, akaachia, na mlio haukushuka; ulining'inia juu, ukawa mkali zaidi. Akazima swichi papo hapo.

Sili ya krenki upande wa magneto. Ilikuwa imekauka, inavuta hewa kavu isiyo na petroli wala oili. Ukiiendesha hivyo pistoni inapata joto, inavimba, inakamata silinda katikati ya barabara. Mimi nilisikia injini imepona. Yeye alisikia imepasuka mdomo. Alitoa magneto kwa pula, akang'oa sili, ngumu kama kifuniko cha chupa, akanipa niende nayo Kariakoo maana vipimo vyake vimeandikwa juu yake. Zikanunuliwa mbili, kwa kuwa ya upande wa klachi ina umri uleule, nayo ikifa huvuta oili ya gia.

Wiki iliyofuata alikwenda nayo Bigwa na kurudi, bila kuvuka nusu ya resi. Baba alikuwa amekuja, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Fundi alifungua plagi ikiwa ya moto, akaishika kwa kitambaa, akampa. Ncha yake ilikuwa kahawia ya korosho iliyokaangwa. Baba alivaa miwani, akaigeuza mara mbili, akauliza jeti kubwa ni namba ngapi.