Silabusi ya sheria za biashara: maneno tunayo, matumizi hatuna

Ndugu na dada wahitimu, juzi nilifungua tena ile silabusi ya sheria za biashara tuliyosoma kwenye lisansi. Niliifungua na hasira, na sababu nitawaambia. Lakini kwanza niipe haki yake.

Iko na mpango muzuri. Inapanga wazi masharti 4 ya mkataba halali, kufuatana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wa kisheria, kitu kinachojulikana, na sababu halali. Inaeleza pia kwamba tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, na kwamba mauzo kati ya wafanyabiashara yanaweza kuwa hata ya mdomo. Yote ni kweli. Nilikariri, nikapata alama nzuri.

Basi shida iko wapi? Kila neno limepewa sentensi moja, halafu tunapita. Hakuna hata mkataba mmoja wa kusoma pamoja. Mifano ni ya nyumba na magari, na sisi tulikuwa wanafunzi wa kilimo!

Mwaka mmoja kisha kumaliza, mimi na wenzangu wawili tulilima mbegu za maharagi. Mnunuzi mmoja akatupa dola 300 mbele ya mavuno, tukatia sahihi kwenye karatasi. Karatasi ilisema "arrhes". Sisi tukasoma "avansi", kama kila mutu sokoni. Wakati wa mavuno akaja mwingine na bei ya juu, faida ya dola 180 zaidi. Tukamuuzia, tukisema yule wa kwanza tutamrudishia 300 zake, mambo kwisha.

Yule mzee akatoa karatasi kwa utulivu: "Watoto wangu, mnanidai kusoma? Hapa ni 600."

Alikuwa na haki. Kwa "arrhes", kila upande unaweza kujitoa, lakini kwa bei: aliyetoa pesa anazipoteza, aliyepokea anarudisha mara mbili. Kanuni hiyo imo katika Code civil ya Ufaransa ya 1804. "Acompte" ni kitu kingine: ni sehemu ya bei, mauzo yamekwisha kufungwa, na anayejitoa anaweza kudaiwa hasara yote. Tulilipa. Ukitoa ile faida ya 180, tulipoteza dola 120. Kosa lilikuwa letu, tulivunja neno letu. Lakini neno lenyewe lilikuwa kwenye silabusi, na nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani!

Na kinachoniuma zaidi: Kiswahili kiko na neno lake, arbuni. Lina asili moja na lile la Kifaransa. Silabusi ingeandika arbuni pembeni, na mkulima anayetia sahihi pamoja na sisi angeelewa pia. Sasa sisi tunamtafsiria "avansi", njo vile tunampoteza pamoja nasi.

Hata "force majeure" imefundishwa kwa tetemeko la ardhi tu. Mvua ikichelewa wiki mbili, je? Sheria inataka tukio lisiloweza kutazamiwa wala kuzuiwa. Agronomu anajua mvua kuchelewa si ajabu. Afadhali kuandika jambo hilo ndani ya mkataba, kuliko kulilia nyuma.

Mimi singeongeza kurasa. Ningepunguza maneno, na kwa kila neno linalobaki ningeuliza: nani anadaiwa nini, lini, na akikosa itakuwaje? Halafu mkataba mmoja wa mistari 10, tuusome darasani mstari kwa mstari. Hatujifunzi ugonjwa wa muhogo bila kuingia shambani. Kwa nini mkataba tujifunze bila kuushika?

Wewe unayetia sahihi wiki hii, soma lile neno lililo karibu na pesa. Kama hujui linafanya nini, uliza kwanza, kalamu ingoje.