Fomu ya Ruzuku na Jibu la Malenga

Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 iliyoasisi Wakfu wa Taifa wa Insia inaorodhesha lugha, fasihi, historia, falsafa na kadhalika. Uzito wote, hata hivyo, umo katika maneno yanayoitangulia orodha: uchunguzi na ufasiri. Utunzi wenyewe ulikabidhiwa wakfu pacha, ule wa sanaa. Mabaraza 56 ya majimbo na maeneo, yanayogawa ruzuku ndogo kwa maktaba na vikundi vya jamii, yalirithi mpaka huo.

Kwa ushairi wa Kiswahili mpaka huo ni mgeni. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipojibizana katika karne ya 19, kila jibu lilikuwa utungo na uhakiki kwa pamoja: hufumbuliwa kwanza fumbo la mwenzio, ndipo ufumbe lako. Kikundi cha ughaibuni kikitaka fedha za kikao cha malumbano, kitashawishika kukiita mhadhara na kumweka mezani mwenye shahada, malenga akageuzwa kielelezo.

Aprili 2025 serikali ilipokatiza fedha za mabaraza, Wakfu wa Mellon ulitoa dola milioni 15 za dharura. Msaada mkubwa, ila haukuligusa suala hili. Nalo halihitaji fedha: sheria yenyewe inasema orodha yake haijafungwa. Afisa wa baraza anaweza kulikubali jibu la kishairi kuwa ufasiri bila kulisubiri Bunge la Washington. Anachohitaji ni kulisikia, na mkalimani hodari ubavuni.