Shairi halisomwi kama habari

Juzi usiku nilikuwa Mbaraki, kwenye kibanda cha kahawa kisicho mbali na ule mnara wa kale wa matumbawe. Malori yalikuwa yamepungua barabarani. Mwenye kibanda aliifungua redio, tukasikiliza kipindi cha utamaduni cha kituo kimoja cha hapa Pwani: taarab, mashairi, kisha mazungumzo.

Nianze kwa kusifu. Kutenga usiku mzima kwa sanaa si jambo dogo. Waingereza walifanya hivyo mwaka wa 1946, BBC ilipoanzisha Third Programme kwa ajili ya muziki wa jadi yao, fasihi na mihadhara. Nasi tuna udi wa Zein l'Abdin na tungo za Muyaka. Hatuna haja ya kuazima.

Lakini kusifu kusitufumbe macho. Ulipigwa wimbo wa marehemu Juma Bhalo. Kabla ubeti wa tatu haujaisha, likaingia tangazo la sabuni. Kisha mtangazaji akamtaja mwimbaji, mtunzi asimtaje. Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Katika taarab ya Mombasa, maneno ndiyo yanayomkalisha msikilizaji. Kumsahau mtunzi ni kula wali na kumsahau mpishi.

Yakaja mashairi. Msomaji alikimbia. Shairi la mizani kumi na sita lina kituo baada ya mizani ya nane, hapo kina cha kati kinapotua. Yeye hakutua, alivuka moja kwa moja hadi mwisho wa mshororo. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akauliza, "Huyu mwana yuasoma shairi au yuasoma bei za samaki?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki.

Kubwa zaidi lilikuwa neno paa. Mwenye shairi alililia paa la nyumba yake linalovuja. Msomaji akalitamka kwa mpumuo, likawa paa mnyama, jamaa ya swala! Katika Kimvita maneno haya mawili hayafanani masikioni: la mnyama lina mpumuo, la nyumba halina. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo. Gazeti hili haliwezi kukuonyesha. Redio inaweza. Ndiyo maana kosa hili lauma zaidi redioni kuliko kwenye karatasi.

Kuna atakayesema kwamba Kiswahili sanifu kinatosha, lahaja ni za nyumbani. Sikubaliani naye. Mazungumzo ya mwisho usiku ule, ambayo yalikuwa mazuri kweli, yalimhusu Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki karibu mwaka wa 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Diwani ikachapishwa mwaka wa 1940. Lau waliomkariri wangekuwa wanakimbia kama msomaji wetu, vina vingepotea njiani, nasi leo tungekuwa na jina tu la Muyaka.

Ombi langu kwa watayarishaji ni dogo. Wimbo uachwe uishe. Mtunzi atajwe. Shairi apewe mtu aliyelelewa katika lahaja yake. Wapo tele Kibokoni na Kuze, na wengi watakuja kwa kikombe cha kahawa tu. Kabla ya kwenda hewani, alisome mara mbili kwa sauti.

Kipindi kilipokwisha, yule mzee alilirudia lile shairi la paa kadiri alivyolishika, akitua panapotuliwa. Kibanda kizima kilinyamaza. Hakuwa na kipaza sauti.