Njia Nne, Mzigo wa Nani?

Katika kazi zote za fundi wa mitandao, ninayoiheshimu zaidi ni ile isiyoonekana na mtu: kuhakikisha kwamba ruta iliyopewa njia nne kweli inazitumia zote nne. Mtambo mpya ukiwashwa huwa na mgeni rasmi na utepe wa kukatwa. Kuchungua mgao wa trafiki hakuna sherehe. Kuna fundi, skrini, na namba zisizojali cheo cha mtu.

Ruta yenye njia kadhaa za gharama sawa kuelekea mahali pamoja haigawi pakiti kwa zamu, hii huku na ile kule. Ingefanya hivyo, pakiti zingepitana njiani na kufika shaghalabaghala. TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya kurasa na mafaili yetu, ikiona pakiti imeachwa nyuma na wenzake hudhani imepotea, ikapunguza mwendo. Kwa hiyo ruta hutazama mambo matano katika kila pakiti: anwani inakotoka, anwani inakokwenda, itifaki, poti ya mtumaji na poti ya mpokeaji. Huyapitisha kwenye hesabu iitwayo hashi, na jibu ndilo linalochagua njia. Pakiti zote za mkondo mmoja zina mambo matano yaleyale, hivyo hufuatana njia moja. Ni ufumbuzi ninaoupenda sana, maana ruta haihitaji kukumbuka mkondo gani ulipita wapi.

Lakini kilichogawiwa hapo ni mikondo, si uzito. Ni sawa na kuwapa makuli wanne magunia kumi kumi bila kuuliza lipi lina pamba na lipi lina chumvi. Mikondo ikiwa maelfu na midogo midogo, tofauti hujifuta zenyewe. Ukija mmoja mnene, tuseme nakala ya akiba inayohamishwa kutoka kituo kimoja cha data kwenda kingine, laini iliyoangukiwa huelemewa peke yake.

Chukua laini nne za gigabiti 10 kwa sekunde. Trafiki yote ni gigabiti 24, asilimia 60 ya uwezo, na meneja akitazama grafu ya jumla anaondoka ameridhika. Kumbe laini moja ina 9.9, na tatu zilizobaki zina 4.7 kila moja. Mteja anapiga simu: ukurasa haufunguki. Kwa jirani yake unafunguka. Akijaribu tena unafunguka na kwake, kwa sababu jaribio jipya limekuja na poti mpya na hashi imelipeleka laini nyingine. Fundi anapiga ping, majibu yanarudi vizuri, kwa kuwa nayo imepita penye nafasi. Mteja anaambiwa tatizo liko kwenye simu yake. Anaambiwa na watu wenye nia njema, na ameonewa.

Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ya haki kabla ya kuwa ya ufundi. Anayeifanya anakataa kuridhishwa na wastani.

Kwanza husoma kaunta za kila laini, na hata hapo hawezi kujiachia. Kaunta za zamani za SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, zina biti 32: zikifika baiti 4,294,967,295 hurudi sifuri. Laini ya gigabiti moja ikijaa huizungusha kaunta hiyo kwa sekunde 34 hivi. Anayeisoma kila baada ya dakika tano anaandika namba zisizo na maana yoyote, na grafu yake itakuwa nzuri tu kwa macho. Lazima zitumike za biti 64. Kisha dakika tano zenyewe ni ndefu mno, maana laini inaweza kufurika kwa nusu dakika na kupoa, na wastani usiseme neno.

Baadaye huja swali gumu: tofauti hii ni bahati au hitilafu? Mikondo 1,000 ikigawanyika 262, 241, 255 na 242, kipimo cha khi-mraba alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900 kinatoa takriban 1.3, chini kabisa ya kikomo cha 7.8 kinachotumika kwa njia nne. Iache, hashi iko salama. Ikiwa 310, 230, 225 na 235, jibu ni 19.4, na hapo pana jambo. Pengine ruta mbili zinazofuatana zinatumia hashi ileile: ya pili inapokea tu mikondo iliyokwisha kuchaguliwa na ya kwanza, nayo inairundika upande mmoja. Pengine trafiki imefungwa ndani ya handaki la VPN na kwa nje inaonekana mkondo mmoja. Au ni hesabu yenyewe: baadhi ya swichi za Cisco hugawa majibu ya hashi katika mafungu 8, na mafungu 8 kwa laini tatu ni 3, 3 na 2. Hapo dawa ni kuongeza laini ya nne.

Nje ya mtandao wako kaunta huzioni, inabidi upapase kwa traceroute, programu ya kufuatilia njia ya pakiti aliyoiandika Van Jacobson miaka ya 1980. Nayo ilikuwa na kasoro ya ajabu: kwa kawaida hubadilisha poti kwa kila pakiti ya kupimia, kwa hiyo kila pakiti yaweza kupita njia yake, na ramani ikaonyesha viungo visivyokuwepo. Mwaka 2006 Brice Augustin na wenzake walitoa Paris traceroute, inayoshikilia poti zilezile ili hashi isibadilike.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hizo trafiki hukimbilia njia chache zilizosalia, na uwezo unaolala upande mmoja huku upande wa pili umefurika ni hasara isiyosameheka.

Ombi langu kwa wanaoendesha mitandao yetu: wekeni ukutani grafu ya kila laini, kando ya ile ya jumla. Na mteja akisema ukurasa ulikataa kisha ukakubali, msimwambie azime simu na kuiwasha. Kaangalieni laini zote, moja baada ya nyingine.